Wifi katuma vitambaa vya hariri, eti vya watoto kuchezea

SWALI: Shikamoo shangazi. Wifi yangu anaishi Stuttgart, Ujerumani, juzi katutumia vitambaa vitano vya hariri, vyepesiii, kila kimoja na rangi yake, mi nikajua mitandio kumbe vya watoto kuchezea, anasema chekechea ya mwanae wanavyo. Nimevifungia kabatini maana hariri ni hela, na wangu mmoja ana miaka 5 mwingine miezi 8, wiki moja tu si vitakuwa matambara? Alafu kitambaa kitupu mtoto anakichezeaje jamani? – Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Vitoe kabatini leo leo.

Wifi yako yupo penyewe kabisa, maana shule ya kwanza ya Waldorf, ule mtindo wa kusomesha watoto kwa kuwaacha wacheze na kubuni wenyewe, ilifunguliwa hapohapo Stuttgart mwaka 1919, mwanafalsafa Rudolf Steiner aliianzisha kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, na chekechea za mtindo huo mpaka leo utakuta kikapu cha vitambaa vya hariri pembeni. Wanachoamini ni kwamba gari la plastiki litabaki gari tu, ila kitambaa cha bluu sasa hivi ni bahari, baadae shuka la mdoli, baadae tena mabawa, na anayeamua ni mtoto mwenyewe.

Na wewe hili unalijua. Si ulicheza kibabababa na kimamamama, khanga ya mama juu ya viti viwili tayari nyumba, bunzi la hindi limebebwa mgongoni linabembelezwa? Ndo hichohicho. Kwa nyumba khanga bado naipenda zaidi, ni kubwa na inatulia, ila hariri ukiirusha juu inashuka taraatibu, feni tu inaitikisa, kwa hiyo moto, maji, ndege, hapo khanga haifui dafu. Changanya vyote kwenye kapu moja, weka na vibanio vya nguo, alafu kaa mbali. Usimwambie "hiki fanya mto". Siku ya kwanza anaweza akavirusharusha tu basi, mwache, utamsikia mwenyewe anaanza kuongea navyo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Huyo wa miezi 8 mfunike uso umfunue acheke, lakini ukiwa umekaa nae, ukinyanyuka nyanyuka na kitambaa, na asilale nacho kabisa. Mkubwa asifunge fundo shingoni hata siku moja, akitaka joho mbanie mabegani kwa kibanio, kikinasa mahali kinachomoka chenyewe.

Kufua ni kwa mkono, maji baridi na shampuu kidogo, kila rangi peke yake mara ya kwanza, usisokote, kibonyeze ndani ya taulo uanike kivulini. Jiki usiiguse, inakula hariri. Na ukitaka kuongeza vingine, vingi vinavyoitwa hariri madukani ni polista, omba uzi mmoja uuchome: hariri inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni, polista inayeyuka inaganda kidonge kigumu.

Vitachanika ndio, hasa pindoni. Shona, na kile kitakachoshindikana kabisa mkatie mdoli gauni.