Siamini Tena, na Baba Ni Mzee wa Kanisa

Wasomaji wanauliza, Mwalimu anajibu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nafanya kazi katika duka la dawa hapa Nakuru. Baba ni mzee wa kanisa na mama ni wa chama cha akina mama. Mimi niliacha kuamini Mungu nikiwa chuoni, ila nyumbani hakuna anayejua. Kila Desemba naambiwa niombee chakula mbele ya ukoo mzima, naomba huku moyo unaniuma. Sasa nimeposwa, na wazazi wanataka harusi ya kanisani. Niseme au ninyamaze? (Msomaji wa kike, Nakuru)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sema. Lakini usiseme Desemba, mezani, shangazi na wajomba wakiwa wamekaa. Hapo baba hatakusikia, atakuwa anaangalia nyuso za watu. Nenda wikendi ya kawaida isiyo na wageni, umwambie yeye na mama wakiwa peke yao.

Najua ninachokuambia. Marehemu babangu alikuwa msomaji katika kanisa la Kianglikana huko kwetu milimani Taita. Watoto wake wote tuliimba kwaya. Nilipomwambia kwamba siamini tena, tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, akaendelea kukata kwa muda mrefu bila neno. Kisha akauliza jambo moja tu: siku yake ikifika, je, nitamzika kwa nyimbo zake? Nikamjibu kwamba zitaimbwa zote atakazochagua. Ndivyo tulivyofanya, nami niliimba sauti ya pili kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu nilimpenda yule mzee na nyimbo zile nazipenda hadi leo. Hadi anafariki hakuacha kuniombea, wala mimi sikumkataza. Maombi yake yalikuwa yake. Nilichokataa ni kuyatamka mimi kama yangu.

Mpaka huo ndio ninaokushauri uuweke. Baba akiomba, inamisha kichwa, hiyo ni heshima kwake na haikupunguzii kitu. Akikuambia uombe wewe, mwambie, "Baba, omba wewe, mimi nitawashukuru waliopika." Watu watatazamana mara ya kwanza. Mara ya tatu watakuwa wameshazoea.

Kuhusu harusi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Mnatoa notisi kwa msajili wa ndoa angalau siku 21 kabla, na cheti mtakachopewa kina nguvu ileile. Baada ya hapo fanyeni karamu nyumbani kwenu, na baba akitaka kuwabariki mbele ya wageni, mpeni nafasi hiyo kwa moyo mweupe. Usisimame tu mbele ya madhabahu ukaapa kwa jina la Mungu usiyemwamini. Utakuwa umeanza ndoa kwa uongo, na utakuwa umewadharau wale wanaoapa pale kwa dhati.

Nawaambia pia wasomaji wadogo wanaoniandikia wakiwa bado wanalipiwa karo na kulala kwa wazazi: kama unaogopa kufukuzwa nyumbani, ngoja. Kunyamaza ukiwa na miaka 17 ili umalize shule si unafiki.

SWALI: Mwalimu, umeandika mara nyingi kwamba dini itoke kwenye siasa. Umesahau historia. Moi alipotubana, nani alisema kama si makasisi? Nyinyi wakana Mungu mlikuwa wapi? (Mzee wa Kakamega)

JIBU: Mzee wangu, sijasahau. Nilikuwa mwalimu kijana miaka hiyo, na tulikuwa tukizungumza siasa kwa kunong'ona. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri Mwaka Mpya wa 1990 kwamba mfumo wa chama kimoja utaanguka. Askofu Henry Okullu alisema. Askofu Alexander Muge alitishwa na waziri kwamba akienda Busia huenda asitoke hai. Akaenda, na akafa katika ajali ya barabarani siku hiyohiyo, Agosti 1990. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991, na watu hao wana sehemu kubwa katika ushindi huo. Nawaheshimu kwa moyo wote.

Lakini angalia walikuwa wamesimama wapi. Walikuwa upande wa wanaoumizwa, wakimuuliza mtawala maswali. Ninachopinga ni mimbari inayompokea mtawala, ikampa kipaza sauti, ikapokea bahasha. Jumapili ngapi tumeona mwanasiasa akimwaga mamilioni kwenye harambee ya kanisa, na hakuna anayeuliza pesa zimetoka wapi? Kwa hiyo Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo aliporudisha pesa ambazo Rais Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa moja la Kikatoliki jijini, mimi nisiyeamini nilimpigia makofi peke yangu sebuleni.

Kuna neno moja linalonitia hofu kuliko bahasha: "Mungu ndiye aliyemchagua." Tukishakubali hilo, kumdai kiongozi hesabu ya dawa zilizokosekana hospitalini kunakuwa kama kumkosoa Mungu. Kiongozi alichaguliwa na sisi, tuliopanga foleni alfajiri, na sisi ndio tunaopaswa kumuondoa akishindwa.

Tena utazame nani analindwa. Mwanzoni mwa 2016 ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilileta kanuni za kusimamia mashirika ya dini. Viongozi wa makanisa walipinga, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mashauriano yaanze upya, na kanuni zikawekwa kando. Aprili mwaka huohuo, chama cha watu wasioamini Mungu, kilichokuwa kimesajiliwa Februari tu, kilisimamishwa usajili wake kwa madai kwamba kingevuruga amani. Usajili ulirudi baadaye, lakini niambie, walikuwa wamemdhuru nani? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini katika nchi hii. Ni majirani zenu, walipa kodi. Kisha mwaka 2023 tukafukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi kwangu hapa Pwani, watoto wakiwemo, waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Sidai kwamba kanuni zile zingewaokoa. Nasema serikali ilikuwa na wepesi wa kuwaogopa watu wachache wasiosali, na uzito mkubwa wa kumgusa mtu yeyote aliyeshika Biblia.

Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Mwaka 2010 makanisa mengi yalituhimiza tuikatae Katiba hiyo, sababu mojawapo ikiwa mahakama za Kadhi. Mimi niliipigia kura ya ndiyo. Kadhi huamua ndoa, talaka na urithi pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda kwake. Hilo halimnyang'anyi Mkristo wa Kakamega kitu, wala mimi. Naomba askofu, shehe na mimi tuwe na haki ya kusema tukiwa raia, halafu sheria iandikwe kwa sababu ambazo sote watatu tunaweza kuzipima.

SWALI: Nimeitwa mahakamani kama shahidi wa ajali. Sina dini. Nikikataa kushika Biblia au Korani, nitafungwa? (Dereva, Mombasa)

JIBU: Hapana, kijana wangu. Sheria ya viapo ya Kenya inamruhusu mtu asiye na imani ya dini kutoa ahadi ya dhati kwamba atasema kweli, bila kitabu na bila kumtaja Mungu. Uzito wake ni sawa na kiapo, na ukidanganya unashtakiwa vilevile. Mwambie karani wa mahakama mapema, kabla hujaitwa kizimbani, ili usianze kubishana mbele ya hakimu. Akishangaa, mtajie kifungu cha 32 cha Katiba, kinachosema kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Fika saa mbili asubuhi, na ubebe kitambulisho.