Mama anatolewa maji kifuani kila mara, sasa wanataka kumwekea poda. Si ni hatari?

Swali: Shikamoo dokta. Mama ana kansa ya titi, maji yamejaa kwenye mapafu, yametolewa mara tatu na kila yakitolewa baada ya siku kumi hivi anaanza tena kuhema. Sasa daktari wake anasema watamwekea poda ya talki. Nimegugo naona talki ndo poda ya watoto na huko Marekani watu wameshtaki makampuni kwamba inaleta kansa. Si watamuongezea ugonjwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na hiyo hofu ya poda. Kesi za Marekani nyingi zinahusu poda za dukani, na hoja kubwa ni kwamba talki ikichimbwa inaweza kuchanganyika na asbestosi, madini yanayoleta kansa, maana haya madini mawili hukaa jirani ardhini. Ya hospitali imesafishwa, imepimwa haina asbestosi, imeuliwa vijidudu, na zile chembe ndogo sana zimepunguzwa kwa sababu ndo zinazopenya kwenye damu na kuchokoza mapafu. Kwa hiyo hata kama hospitali imeishiwa, usije ukaenda kununua kopo la dukani ukawapelekea, nakuomba sana.

Sasa kwa nini poda. Maji ya mama hayapo ndani ya pafu, yapo nje yake, katikati ya tando mbili, moja imelivaa pafu na nyingine imetandikwa kwenye mbavu kwa ndani. Kansa ikifika pale utando unavuja, ukiyatoa yanarudi kwa sababu nafasi ya kujaa bado ipo. Talki haikaushi maji wala haiui kansa, kazi yake ni kuwasha zile tando mpaka zivimbe zigandane, nafasi ife. Umeshamwona fundi pancha? Anakwaruza tyubu na msasa kwanza ndo kiraka kishike. Ndo hivyo hivyo, ila hapa gundi ni kovu la mwili wenyewe. Si jambo geni, Norman Bethune, daktari mpasuaji wa Kanada, aliiandika njia hii mwaka 1935 akiwaandaa wagonjwa wa kukatwa kipande cha pafu.

Lakini kiraka kisipogusa tyubu hakishiki hata ukwaruze vipi, na hapa ndo nataka uwe makini. Wataweka mrija ubavuni, maji yanatoka taratibu kwenye chupa chini ya kitanda (mara nyingi hawazidishi lita 1.5 kwa mkupuo, pafu likitanuka ghafla nalo linaweza kujaa maji), halafu anapigwa eksirei. Pafu likiwa limetanuka mpaka limegusa mbavu, poda itafaa. Likiwa limebanwa na kansa haliwezi kutanuka, poda ni kumsumbua mama bure, hapo bora awekewe mrija mwembamba wa kudumu mkawa mnatolea maji nyumbani.

Siku yenyewe wanaweka dawa ya ganzi kupitia mrija, kisha gramu 4 au 5 za talki kwenye kama mililita 50 za saline (maji ya chumvi ya hospitali), inakuwa kama maziwa kwenye bomba kubwa la sindano na inabidi itikiswe maana inatuama chini upesi. Wanabana mrija kama saa moja halafu wanafungua. Kuna njia ya kupuliza poda kavu kwa kamera inayoingizwa kifuani, ila utafiti wa Uingereza wa watu 330 uliotoka 2019 ulikuta hakuna tofauti ya maana, baada ya siku 90 poda ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 22 ya waliopuliziwa na 24 ya waliopitishiwa mrija. Kwa hiyo msijibane kutafuta hela ya kamera kwa ajili ya hilo tu.

Atasikia maumivu ya kifua na homa siku moja mbili, hiyo ni kawaida, aombe dawa ya maumivu asijikaze. Kama anameza prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) mwambieni daktari mapema, inatuliza ule mwasho tunaoutaka. Akianza kuhema vibaya kuliko mwanzo baada ya poda, muite nesi hapo hapo usingoje raundi ya asubuhi.

Halafu uliza kama yale maji yalipimwa yakakutwa na seli za kansa. Huku kwetu TB nayo inajaza maji kifuani sana, hata kwa mtu mwenye kansa, na hiyo inatibiwa kwa vidonge vya TB, sio poda.

Ukipata ile eksirei ya baada ya maji kutoka, muombe daktari akuonyeshe kwa kidole ukingo wa pafu umefika wapi.