Mama ana mayositisi: dawa za kuongeza kinga zinafaa?

Dada, umesema daktari amemwambia mama ana mayositisi, yaani kinga yake inashambulia misuli, na mnataka kumpa vidonge vya kuongeza kinga. Tafadhali msimpe. Mimi naishi na dermatomayositisi, ugonjwa wa kundi hilohilo, na ushauri huu huniuma kila ninapouona. Kinga yake haijapungua hata kidogo. Inafanya kazi kupita kiasi, tena pasipotakiwa. Dawa tunazopewa ni za kuituliza.

Mimi nilielewa baada ya kukatwa kipande kidogo cha msuli pajani kwa ajili ya kipimo. Daktari alinionyesha picha ya hadubini: nyuzi za msuli zilizo pembezoni mwa fungu zimesinyaa, za katikati bado nene. Kwa ugonjwa wangu, alisema, kinacholengwa sana ni vishipa vidogo vya damu vinavyolisha msuli. Protini za kinga ziitwazo komplimenti huvitoboa, seli za kinga ziitwazo seli T za CD4 na seli B hujazana kandokando yake, na interferoni, protini za kuamsha kinga, huzalishwa kwa wingi. Nyuzi za pembezoni ndizo huumia zaidi. Ndiyo maana nilishindwa kuinua mikono kuchana nywele, na kuinuka kitini mpaka nishike kitu.

Lakini mama anaweza kuwa na aina nyingine kabisa. Ipo ambayo seli T za CD8, seli za kinga zinazoua, huingia ndani ya uzi wa msuli ulio hai na kuuangamiza kwa protini ziitwazo perforini na granzaimu. Ipo pia ambayo limfosaiti (kundi la seli T na B) ni chache. Zinazoonekana ni makrofaji, seli za kinga za kumeza mabaki, zikimeza nyuzi zilizokwisha kufa, na kwenye damu hukutwa kingamwili dhidi ya HMGCR au SRP, ambazo ni sehemu za seli za mwili wenyewe. Baadhi ya wenye ile ya HMGCR walikuwa wakitumia statini za kushusha kolesteroli, kwa hiyo daktari azijue dawa zote anazomeza mama.

Muulizeni daktari ni aina gani, na kingamwili zipi zimepimwa. CK, kimeng'enya kinachovuja damuni msuli ukiumia, peke yake haitoshi, maana mwenye dermatomayositisi anaweza kuwa na CK ya kawaida. Kama ana kingamwili za Jo-1, ambazo ni aina nyingine inayopimwa kwenye damu, mapafu yachunguzwe hata kama hakohoi.

Akianzishiwa prednisoloni, mojawapo ya dawa za kutuliza kinga, asiiache ghafla akipata nafuu. Ipunguzwe taratibu, na daktari.