Konokono Wangu Aliyekufa Amejifungia

Juzi msomaji ameniandikia: “Nimeokota konokono wadogo kama mbegu za mtama kwenye chemchemi. Sijawaona katika kitabu chochote. Nifanyeje niwape jina langu?” Nilicheka, kisha nikanyamaza. Barua hiyo ningeiandika mimi miaka tisa iliyopita.

Kuhusu jina lako kwanza: kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikukatazi kujipa, ila wenzako watakucheka mpaka ustaafu.

Wangu niliwapata nilipogeuza jiwe kwenye jicho la chemchemi, pale maji yanapochomoza. Vidoa vyeusi vikitambaa. Milimita mbili, gamba refu jembamba, wakati wote niliowajua walikuwa wafupi wanene. Moyo ulinidunda. Nikawamwaga wote kwenye chupa ya spiriti kali, nikarudi na jina tayari kichwani.

Kosa lilikuwa kwenye ile chupa. Konokono akikutwa na spiriti angali macho hujikunja ndani, hujifungia kwa kifuniko chake na kufa hivyo hivyo, mgumu kama kokoto. Huwezi kumpasua ukaona kitu. Na hawa hawatambuliki kwa gamba peke yake. Chukua Pyrgulopsis, jenasi ya magharibi mwa Amerika Kaskazini yenye spishi zaidi ya 100: wataalamu hulainisha gamba kwa asidi, kisha hutazama uume wa dume chini ya darubini, una tezi ngapi na zimekaa wapi. Gamba hudanganya. Wasio na undugu wa karibu hufanana, na wa spishi moja hutofautiana chemchemi hadi chemchemi.

Sikulijua hilo. La, nililijua. Nilikuwa na haraka.

Nikaandika makala yenye picha kumi na moja, zote za magamba. Mhakiki wa jarida akajibu kwa mstari mmoja, kwamba magamba haya yanaweza kuwa ya konokono yeyote. Sitajifanya nimemsamehe. Wale wa kwenye spiriti nikawapeleka kupimwa DNA, kazi pekee waliyofaa, na kipande cha jeni kikalingana herufi kwa herufi na spishi iliyokwisha kuelezwa, ya chemchemi ya jirani. Jina langu zuri likafia daftarini.

Kwa hiyo wewe, usikimbilie spiriti. Waweke hai kwenye bakuli la maji ya chemchemi yao, nyunyiza juu ya maji chembe za mentoli za kuwalegeza, uwaache usiku kucha. Asubuhi utawakuta wamejinyoosha, pembe nje, ukiwagusa kwa sindano hawashtuki. Hao ndio wa formalini iliyozimuliwa, ile dawa ya kuhifadhia miili, wa kupasua. Wachache watie moja kwa moja kwenye spiriti kwa ajili ya DNA, kwa sababu formalini huiharibu. Usikimbilie spiriti, narudia, maana najua utakimbilia.

Na usichote wote! Wengi wa konokono hawa wana chemchemi moja tu duniani, au chache zilizo karibu, na hupumua majini. Pakikauka hawana pa kwenda. Pyrgulopsis bruneauensis wa chemchemi za moto za Bruneau, Idaho, aliingizwa mwaka 1993 katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini, baada ya maji ya ardhini kupampiwa mashambani na chemchemi kupungua. Mkulima angalau alikuwa anamwagilia mazao. Sisi wenye chupa tuna udhuru gani? Kausha pia buti zako kabla ya kwenda chemchemi nyingine. Konokono wa New Zealand, Potamopyrgus antipodarum, anaweza kuzaa bila dume, na jike mmoja aliyenasa kwenye tope la kiatu anatosha kuijaza chemchemi nzima.

Ninaandika haya kwa majivuno kidogo, kwa sababu wiki iliyopita makala yangu nyingine imekubaliwa. Safari hii dume alikuwa na tezi tatu pale ambapo jamaa zake wana moja, na DNA ikaafiki. Miaka minne ya kupasua, ambayo sitakuchosha nayo. Jina nimelitoa kwenye tezi zake, si kwangu.

Jana nimemfunga yule wa kielelezo, anayebeba jina la spishi, kwenda makumbusho: kichupa ndani ya kichupa, na karatasi ya namba kubwa kuliko yeye mara kumi.