Magari: Taa ya Injini Inafutwa, Inarudi

Barua za mwezi huu kutoka mkoa wa Tanga karibu zote zinahusu taa ya injini kwenye magari ya zamani. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wenu mna tatizo hilohilo.

Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota Spacio ya mwaka 2002, injini ya 1NZ. Taa ya injini inawaka, fundi anachomoa waya wa betri, inazimika, baada ya siku chache inarudi. Gereji nyingine wakapima kwa mashine ikatoka namba ya hitilafu P0171, wakasema sensa ya oksijeni imekufa. Nimenunua ya mtumba, ikafungwa, na taa imerudi vilevile. Asubuhi gari inayumba ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ninunue nini sasa? – Mama wa Chumbageni

Pole, mama. Kwa sasa usinunue kitu.

Kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu tu, hitilafu inabaki. Kwa hitilafu nyingi kompyuta ya injini haiwashi taa mara ya kwanza inapoiona. Inasubiri ijirudie katika safari mbili zinazofuatana, ndiyo maana unapata siku mbili tatu za amani halafu taa inarudi. Kuna hasara nyingine ambayo mafundi wengi hawaitaji: taa inapowaka, kompyuta huhifadhi hali ya injini ya dakika ileile, yaani mizunguko, joto la maji, mwendo wa gari na mzigo. Rekodi hiyo ndiyo inayoonyesha kama hitilafu ilitokea gari limesimama au liko kasi kwenye lami ya Muheza. Ukichomoa betri, imekwenda. Basi mwambie fundi aisome na kuiandika kabla hajagusa kitu chochote.

P0171 maana yake hewa imezidi mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo shahidi aliyetoa taarifa, na mara nyingi anasema kweli. Sensa hiyo ikifa yenyewe ina namba zake, kuanzia P0130 hadi P0135. Kama bado unayo ile ya zamani, usiitupe. Huenda ni nzima kuliko hiyo ya mtumba uliyofungiwa.

Fundi mwenye mashine aangalie marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 hakuna tatizo. Kwako yatakuwa juu upande wa kujumlisha. La muhimu ni kuyasoma mara mbili injini ikiwa imeshapata joto: kwanza ikiwa sailensa, kisha ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kama sailensa ni 20 na zaidi, halafu kwenye 2,500 yanashuka karibu na sifuri, kuna hewa inayopenya mahali pasipo halali. Tundu halibadiliki ukubwa, kwa hiyo injini inapovuta hewa nyingi, ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo. Kama ni kinyume, sailensa ni nzuri na yanapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa inasoma pungufu.

Kwa kuwa gari lako linayumba asubuhi likiwa sailensa, sisi tungeanza na hewa. Zima injini, shika ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye throto, ukunje kwa vidole mkunjo mmoja mmoja, hasa upande wa chini. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Ukiutazama ukiwa umelala mahali pake utaona mpira mzima kabisa, ukiupinda unafunguka kama mdomo. Kaza klipu zake zote mbili. Kisha fuata mpira mdogo wa kupumulia mvuke wa injini, unaotoka kwenye kifuniko cha juu. Hulainika kwa oili na kupasuka pale unapochomekwa. Malizia na mpira wa hidrovaki ya breki na vile vyembamba vyote.

Hujaona kitu? Washa injini, chukua chupa ya kunyunyizia maua yenye maji, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Mlio ukibadilika au mtetemo ukitulia kwa sekunde chache, gasketi ya hapo ndiyo inayovuta. Epuka koili na soketi za umeme. Wapo wanaotumia petroli au spirei ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Kwenye injini ya moto ni kutafuta ajali, tunakusihi usikubali.

Baada ya hapo sensa ya hewa, ile iliyofungwa kwenye njia ya hewa baada ya ea klina. Ikipata vumbi inapima hewa kidogo kuliko iliyopo. Isafishwe kwa spirei ya kusafishia sensa hiyo au ya soketi za umeme isiyoacha mafuta. Usiguse nyaya zake nyembamba kwa kitambaa wala pamba, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Injini ya lita 1.5 ikiwa sailensa na moto wake, sensa nzima huonyesha gramu 2 hivi za hewa kwa sekunde.

Ekzosi nayo ikaguliwe. Ikitoboka kabla ya sensa, inavuta hewa ya nje na kuidanganya. Alama yake ni masizi meusi kwenye gasketi na mlio wa tiki-tiki asubuhi unaopungua bomba likipata moto. Mwisho kabisa ndiyo upimwe msukumo wa mafuta. Kwa 1NZ uwe kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukiwa chini, tazama chujio na pampu ndani ya tangi.

Ukishatengeneza, futa namba, endesha hadi Muheza na kurudi, kisha soma tena marekebisho. Usisubiri taa ikuambie. Yakiwa yamerudi karibu na sifuri umepona, yakiwa bado 15, taa iko njiani.

Carina Ti ya 1998, niko Pangani mjini. Nimenunua kisomeo cha blututhi lakini hakiungani na gari. Taa huwaka zaidi siku za mvua. Gari nimeharibu au kisomeo ni feki? – Kijana wa Pangani

Huenda vyote ni vizima, kaka. Visomeo hivyo vimetengenezwa kwa mfumo uliolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Carina yako ilitengenezwa kwa soko la Japan na lugha yake ni nyingine.

Kwa bahati gari lako linasomeka kwa kipande cha waya. Fungua boneti utafute kiboksi chenye kifuniko. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1, hayo tu, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa. Mipepeso ya kwanza ni makumi, inapumzika kidogo, inayofuata ni mamoja: miwili kisha mmoja ni 21. Hiyo ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 25 hewa imezidi, 31 sensa ya hewa, 41 sensa ya throto, 42 sensa ya mwendo. Ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kilichohifadhiwa.

Kuhusu mvua, sisi tunashuku chumvi. Magari ya pwani huoza soketi kwa ndani huku nje zikionekana safi. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa iliyotajwa na namba, tazama pini kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani, safisha kwa spirei ya soketi na mswaki laini, kausha, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji. Kama mpira huo haupo, hiyo ndiyo njia ya maji.

Kisha pima ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zimewashwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi volti 0.2, waya wa ethi umeliwa. Fungua, kwangua hadi uone chuma king'aacho, funga. Ethi mbovu huwasha namba za sensa ambazo hazina kosa lolote, na watu wengi wamemaliza hela kwa sensa kwa sababu ya nati moja yenye kutu.

Nikipanda Lushoto kutoka Mombo na IST yangu, inamisi (injini inakosakosa kuwaka) na taa inapepesa. Nikifika tambarare inaacha kupepesa. Naweza kuendelea kuitumia? – Dereva wa Korogwe

Hapana. Taa inayopepesa ni onyo kali kuliko inayowaka tu: mafuta yasiyoungua yanaingia ekzosi na kuunguza masega, kile chombo cha kusafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Inapopepesa punguza mwendo, na kama haiachi, egesha.

Mlima unaibua koili na plagi dhaifu kwa sababu cheche inahitaji nguvu zaidi injini ikiwa na mzigo. Soma namba: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hadi P0304. Chukua koili ya silinda iliyotajwa, ibadilishane na ya jirani, futa namba, kajaribu kwa mzigo. Namba ikihama pamoja na koili, nunua koili moja tu. Isipohama, toa plagi. Ukikuta oili ndani ya shimo, badili sili kwanza, maana koili mpya nayo itakufa. Plagi zikiwa sawa pia, zimebaki nozeli na kompresheni.

Nimepata P0420, fundi anataka kung'oa masega. Nikubali? – Msomaji wa Ngamiani

Usikubali bado. Mwambie apime sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, injini ikiwa imeshapata joto: ikitulia karibu volti 0.6 au 0.7 wakati ile ya mbele inapanda na kushuka, masega yanafanya kazi, atafute tundu la ekzosi. Zote mbili zikicheza pamoja, masega yamechoka. Hata hivyo kuyang'oa hakuzimi taa, kwa sababu namba hiyo inatokana na kompyuta kuona hakuna kinachosafisha moshi. Kabla ya kufunga mengine, hakikisha gari halimisi wala halili oili, la sivyo yataungua kama hayo.