Maswali na Majibu: Mdudu, Jongoo na Majina Yanayopotosha

Swali: Nilimtazama kupe mchanga kwa kioo cha kukuzia, nikahesabu miguu 6 tu. Je, kupe ni mdudu kama inzi?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, ila umeifanya mapema mno. Kupe huanguliwa akiwa na miguu 6, na baada ya kunyonya damu na kujivua kwa mara ya kwanza hupata jozi ya nne. Yumo katika ngeli ya araknida pamoja na buibui, nge na utitiri, ambao hawana vipapasio wala mabawa. Inzi ni mdudu kwa maana ya kisayansi, kwa kuwa mwili wake umegawanyika katika kichwa, kidari na tumbo, ana jozi moja ya vipapasio, na miguu yake 6 yote hutoka kidarini. Katika mazungumzo neno "mdudu" huwabeba wote hawa, hata minyoo, nami sioni ubaya, mradi tusilitumie hivyo katika uainishaji.

Swali: Tandu na jongoo hutofautishwaje?

Jibu: Chunguza pingili moja ya katikati ya mwili: yenye jozi moja ya miguu ni ya tandu, yenye jozi mbili ni ya jongoo. Pingili za mbele za jongoo zisikuchanganye, kwani ya kwanza haina miguu kabisa na tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Jozi ya kwanza ya tandu imegeuka kuwa makucha ya sumu. Mwaka 2021 wanasayansi walimweleza jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306.

Swali: Konokono ana gamba gumu, mbona si athropoda, yaani mnyama mwenye kiunzi cha nje na miguu yenye viungo, kama mdudu, buibui, jongoo na kaa?

Jibu: Ugumu pekee hautoshi. Gamba la konokono, ambaye ni moluska (mnyama wa mwili laini), huongezewa chokaa ukingoni na kukua pamoja naye, ilhali kiunzi cha nje cha kaa hakitanuki, hivyo kaa hulazimika kukivua na kujificha, akiwa laini, mpaka kipya kiwe kigumu. Tena konokono hana miguu yenye viungo.

Swali: Je, jongoo bahari ni jamaa ya jongoo wa nchi kavu?

Jibu: Hata kidogo, wanafanana umbo tu. Jongoo bahari ni ekinodamata, kundi moja na kiti cha pweza, na mwili wake umepangwa katika sehemu 5 kuzunguka mhimili unaotoka kinywani hadi mkunduni. Wengi wao hutambaa kwa vijiguu vya mirija vinavyosukumwa na maji, na baadhi ya spishi zikitishwa hutapika matumbo yao, kisha huyaotesha upya. La kushangaza zaidi limo katika kiinitete: tundu la kwanza kufunguka huwa mkundu, na kinywa hufuata baadaye, kama ilivyo kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa nasaba, basi, jongoo bahari yuko karibu zaidi nawe, msomaji, kuliko na jongoo.