Maswali ya Wasomaji: Tangi Lililobonyea Wakati wa Kupakia Molasi

SWALI: Mhandisi, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha ukanda wa miwa. Mwezi uliopita tulikuwa tukipakia molasi kwenye lori kwa pampu inayotoa mita 20 za ujazo kwa saa. Tangi lenyewe ni la chuma, lina kipenyo cha mita 6 na kimo cha mita 8, na lilikuwa limejaa theluthi mbili. Muda mfupi baada ya kuwasha pampu tulisikia mlio kama wa bati linalokanyagwa, na tulipotazama juu, paa lilikuwa limebonyea na ubavu wa juu umejikunja. Mafundi wa rangi walikuwa wamemaliza kazi siku mbili kabla, na nailoni waliyolifungia tundu la hewa ilikuwa bado ipo. Meneja anasema kosa ni la bati, kwamba lilikuwa jembamba. Tangi lililobeba molasi miaka yote hiyo bila kupasuka linawezaje kushindwa na hewa?

JIBU: Ndugu yangu, kosa ni la ile nailoni, na ningemwomba meneja wako asinunue bati jipya kabla ya kusoma hesabu ifuatayo.

Hewa inayotuzunguka ina uzito. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa ni kilopaskali 88 hivi, sawa na tani 9 zikikandamiza kila mita moja ya mraba. Hatuhisi mzigo huo kwa sababu ndani ya miili yetu, kama ndani ya tangi lenye tundu lililo wazi, kuna shinikizo linalosukuma kuelekea nje kwa nguvu ile ile. Mlipofungua molasi bila hewa mpya kuingia, hewa iliyokuwa juu yake, mita 75 za ujazo kwa makadirio yangu, ililazimika kujaza nafasi inayozidi kupanuka, na shinikizo lake likashuka. Zikitoka lita 850 tu, tofauti kati ya nje na ndani hufika kilopaskali 1. Pampu yenu hutoa kiasi hicho kabla dakika 3 hazijaisha, yaani dereva wa lori alikuwa hajapata hata nafasi ya kununua chai.

Kilopaskali 1 inaonekana ndogo, lakini juu ya paa lenye upana huo ni mzigo wa karibu tani 3. Matangi ya aina hii hayajengwi kuubeba: kiwango cha API 650 cha Marekani, kinachofuatwa katika nchi nyingi, huruhusu ombwe, yaani upungufu wa shinikizo la ndani likilinganishwa na la nje, la kilopaskali 0.25 tu kwa tangi la kawaida ambalo halikufanyiwa hesabu za ziada. Ndiyo maana historia ya tangi lenu haikuwasaidia. Likijaa molasi, shinikizo la chini huzidi kilopaskali 100, na chuma hulihimili vizuri kwa sababu tangi linavutwa kuelekea nje, kama puto. Likisukumwa kuelekea ndani, ukuta mwembamba hukunjika kwa nguvu ndogo sana, na ukishaanza kukunjika hauna tena umbo la kujitetea. Bati nene lingewaongezea muda kidogo tu, kwa kuwa pampu ingeendelea kuvuta.

Kwa hiyo shughulikieni njia ya hewa. Kanuni ya zamani, na bado naiamini, ni kwamba tundu la hewa lisiwe dogo kuliko bomba kubwa zaidi la kuingizia au kutolea. Nimeona matangi yenye bomba la kutolea la inchi 4 na tundu la hewa la inchi 1, na tangi la namna hiyo linaweza kubonyea hata bila nailoni. Wavu uwe wa matundu mapana, kwa maana wavu laini huzibwa na vumbi la miwa, utando wa molasi na viota vya nyigu. Wekeni pia vali ya pili ya kuingiza hewa, mbali na tundu la kwanza, ili moja likiziba lingine lifanye kazi.

Kifaa ninachokipenda zaidi hakigharimu pesa nyingi: mpira unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji, upande mmoja ukiunganishwa na nafasi ya hewa ya tangi na mwingine ukiachwa wazi. Kilopaskali 0.25 ni sentimita 2.5 za maji. Tofauti ya maji pande mbili ikikaribia hapo, pampu izimwe, kisha mtu aende kuangalia tundu.

Kama kiwanda chenu kina tangi la ethanoli pia, msidhani mtaliokoa kwa kuacha mfuniko wazi. Mvuke wa ethanoli safi unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 13 hivi za selsiasi, na Kisumu haina mchana wa baridi hivyo. Tangi hilo lipumue kupitia kizuia moto, yaani kifaa kinachopitisha hewa na mvuke lakini si mwali, nacho kisafishwe kwa ratiba, kwa sababu ndicho huziba kwanza.

Kuhusu tangi lililobonyea, msilirudishe umbo kwa kulipuliza hewa ya kompresa. Liondolewe kazini, likaguliwe na mhandisi, na mtu asiingie ndani kabla hewa haijapimwa, kwa kuwa molasi inayochachuka hutoa kaboni dioksidi.

SWALI: Mimi husafisha tangi la maziwa la chuma cha pua katika ushirika wetu hapa Nakuru. Tulilisuuza kwa maji baridi mara tu baada ya maji ya moto ya nyuzi 80, mfuniko ukiwa umefungwa, likabonyea kwa kishindo. Hakuna kitu tulichokuwa tukitoa. Ombwe lilitoka wapi?

JIBU: Lilitoka kwenye mvuke, dada yangu. Katika tangi lililojaa unyevu wa nyuzi 80, mvuke peke yake huwa na shinikizo la kilopaskali 47, nayo hewa ya Nakuru yote ni 81 hivi. Zaidi ya nusu ya kilichokuwa ndani kilikuwa mvuke, na maji baridi yaliugeuza matone kwa sekunde chache. Ni lile jaribio la shuleni la debe linalochemshiwa maji kidogo, likafungwa, kisha likamwagiwa maji baridi. Fungueni mfuniko kabla ya kuanza kuosha na uendelee kuwa wazi hadi mwisho, kisha msuuze kwa maji ya vuguvugu kabla ya yale ya baridi.